Mkono Unaolisha

Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hii nilifundishwa shuleni, nikaikariri pasipo kuipima. Niliipima baadaye, nilipokuwa mimi ndiye ndugu anayetegemewa.

Marehemu baba alikuwa kibarua katika bandari ya Kilindini. Watu saba tulikula kwa mkono wake mmoja. Siku aliyovunjika mguu kazini, mkono ule ulikauka. Mama aliuza cherehani, kisha kitanda. Karo ilipokosekana, dada yangu mkubwa aliacha masomo ili sisi wadogo tuendelee. Nchi yetu ilikuwa na hazina ya malipo ya uzeeni tangu 1965, na ya bima ya hospitali tangu 1966. Lakini jina la baba halikuwamo katika daftari lolote.

Nilipopata kazi, nami nikawa na watu saba wa kulisha. Mwezi wa Oktoba 2024 Bima ya Afya ya Jamii ilipoanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara, niliona shilingi 1,650 zikitoka katika 60,000 zangu. Nikanung'unika. Sikuwa bahili; nilihesabu unga, karo na kodi ya nyumba, nikaona kwamba kila shilingi ilikuwa na mwenyewe kabla haijanifikia.

Nilimwambia mama, "Tena bima yenyewe huhesabu mke wangu na watoto. Wewe humo."

"Mwanangu," akajibu, "mimi simo, lakini anilishaye yumo. Baba yako hakuanguka peke yake, tulianguka sote. Alaye kwa mkono wa mtu huuombea mkono huo kinga kabla ya kuliombea tumbo lake."

Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu. Tulikuwa nyumba moja, tukitazama shilingi moja, na kila mtu akaona lake. Anayelisha huona kinachotoka leo. Anayelishwa huona kitakachopotea kesho. Hakuna aliye mwongo kati yao, ila wa pili amekwisha kuona chungu kikikaa mekoni bila moto.

Juma lile nilimwandikisha mama katika bima kwa jina lake mwenyewe. Methali ile naiheshimu hata sasa, lakini nimeiongezea upande wa pili: mtegemewa asiye na kinga huwafukarisha wote wamtegemeao.