Halidundi, Linagota

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa vijana wapendao magari kwamba gari la mbio sharti liwe gumu. Likipita juu ya kokoto, dereva aihesabu kila moja mgongoni mwake. Likivuka tuta, kichwa kigonge paa. Ugumu huo huchukuliwa kuwa ndiyo bei ya kasi, na anayeulalamikia huambiwa akanunue basi. Mimi siikubali imani hiyo, na hoja zangu nimeziokota chini ya Datsun 240Z ya baba yangu, katika gereji moja ya Katwe, Kampala, ambako nimekaa Jumamosi nyingi kuliko nilivyokusudia.

Gari lenyewe lina historia inayotuhusu. Lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1969, kwa jina la Fairlady Z. Lina viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4, na uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Baba alikuwa mpima ardhi kijana wakati huo, na ushindi wa mwaka 1973 aliusikiliza redioni kama wengine wanavyosikiliza matokeo ya uchaguzi. Miaka mingi baadaye, alipopata uwezo, alikwenda Nairobi akanunua 240Z iliyotumika, akaiendesha mwenyewe hadi Masaka. Halikuwa gari la starehe, lakini lilikuwa gari ambalo mama alilala usingizi ndani yake.

Baba alipofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, gari lilikabidhiwa ndugu yangu mdogo, aliyekuwa akiishi Kampala. Akalipenda kwa namna yake. Alikata springi zote nne ili gari likae chini, akaondoa rimu za inchi 14 na kuweka za inchi 17 zinazometameta, akabadilisha bushi kadhaa za mpira kwa zile za plastiki ngumu. Kwa macho, lilipendeza. Nakiri kwamba nami nililisifu lilipoegeshwa. Baada ya miaka minne baba alipona kiasi cha kuweza kusafiri, akaomba jambo moja tu: apelekwe kliniki kwa gari lake, si kwa teksi. Ndugu yangu akamfuata Masaka. Walipofika Kampala, baba alishindwa kushuka bila kushikwa mikono miwili, na tena palikuwa na habari mbaya kuliko hiyo. Katika kona moja iliyolowa mvua, mahali ambapo lami imefura, mkia wa gari ulirukia kando ghafla, kana kwamba umesukumwa. Ndugu yangu ni dereva mzuri, akaurudisha. Baba hakusema neno hadi walipofika, kisha akasema hatalipanda tena.

Hapo ndipo lilipozuka shauri la nyumbani. Ndugu yangu alishikilia kwamba gari ni zima, ila Mzee amezeeka. Dada yetu alitaka liuzwe. Mimi nilitaka kujua kwanza lina nini.

Fundi niliyempata ni mzee aliyezaliwa Mombasa, akajifunza kazi Nairobi, akahamia Kampala kwa sababu ya mke. Nilipomweleza kwamba gari "linasumbua", alinitazama kama nitazamavyo mwanafunzi anayejibu swali la sarufi kwa kusema "ni neno tu".

"Mwalimu," akasema, "gari haliwezi kusumbua tu. Linadunda, linanesa, linayumba, linavuta, ama linatetema? Chagua, kisha nitajua niingie kwa wapi."

Ninyi mnaojiandaa kufundisha Kiswahili mtaona kwamba vitenzi hivi katika kamusi hukaribiana hadi baadhi yake hutumika kufasiliana. Gerejini kila kimoja kina mtaa wake. Gari linalonesanesa, yaani linaloendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupitwa, limekufa shokapu. Kazi ya shokapu si kubeba uzito, ambao hubebwa na springi, bali kuituliza springi isicheze bila kikomo. Uradidi hapa si pambo: gari zima hunesa mara moja likatulia, bovu hunesanesa. Gari linalotetema usukanini katika mwendo fulani, kisha likatulia mwendo ukizidi, aghalabu magurudumu yake hayana mizani. Linalovuta, huvuta upande mmoja, na fundi hutazama breki, upepo wa matairi na mwelekeo wa magurudumu. Linaloyumba huhama kulia na kushoto bila kuamriwa, na hapo hutafutwa bushi zilizokwisha au viungo vya usukani vilivyolegea.

Nikachagua kudunda. Fundi akaomba ufunguo, akalizungusha gari katika barabara za karibu kwa robo saa, akarudi akitikisa kichwa.

"Halidundi," akasema. "Linagota."

Tofauti hiyo imenikaa akilini kuliko nyingi nilizosoma vitabuni. Kinachodunda kina nafasi ya kurudi, kama mpira uwanjani. Kinachogota kimefika mwisho wa njia yake. Ndani ya kila nguzo ya springi kuna kizuizi cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma pale gurudumu linapopanda kupita kiasi; kimewekwa kwa ajili ya shimo kubwa la ghafla. Springi zilipokatwa, gari lilishuka, na safari ya gurudumu kwenda juu ikafupishwa hadi ikabaki sentimita chache. Kila tuta likawa shimo kubwa. Baba hakuwa amekalia springi ngumu: alikuwa amekalia kizuizi.

Springi zenyewe pia zilikuwa zimekuwa ngumu zaidi, na hili huwashangaza wengi. Mtu hudhani kwamba springi iliyokatwa imedhoofishwa. Kinyume chake, kila mzunguko wa springi huchangia kunyumbuka, na ukipunguza mizunguko, iliyobaki hulazimika kupokea kishindo kilekile. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huwa ngumu zaidi kwa sehemu moja ya saba, takriban asilimia 14. Ongezeko hilo peke yake lingevumilika. Kugota ndiko kusikovumilika, na ndiko kulikouhamisha mkia wa gari siku ile ya mvua. Gurudumu linapogota katikati ya kona, uzito hulishukia kwa kishindo badala ya kuja polepole, na tairi, ambalo lilikuwa tayari limetumia karibu nguvu zake zote kushika lami, huachia. Kwa hiyo ugumu uliomuumiza Mzee na utelezi uliomtisha vilikuwa ugonjwa mmoja.

Matairi yalizidisha. Tairi la 205/40 juu ya rimu ya inchi 17 lina ukuta wa milimita 82. Tairi la awali la gari hili, la 175 juu ya rimu ya inchi 14, lilikuwa na ukuta wa milimita 140 hivi. Ukuta wa tairi nao ni springi, tena ya kwanza kukutana na barabara. Fundi akapiga magoti, akafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi la nyuma, akanionyesha tarakimu nne: 2309. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Lilikuwa na mashina marefu, halijachakaa hata kidogo, na raba yake ilikuwa ngumu kama kwato. Nimeona watu wakinunua matairi ya namna hiyo kwa furaha kwa sababu "bado mapya".

Jambo la usukani lilichukua muda mrefu zaidi kueleweka nyumbani, kwa kuwa ndugu yangu alikuwa na hoja. Gurudumu la mbele hushikwa na kono la chini, linalolizuia lisitoke mahali pake, na tairodi, inayoliamuru litazame wapi. Viwili hivi vimepangwa vilingane katika kimo ambacho kiwanda kilikichagua. Gari likishushwa sana, vyote huelekea juu, na kila kimoja huanza kuchora upinde wake. Gurudumu likipanda tuta hugeuka kidogo lenyewe, ingawa dereva ameushika usukani wima. Ndiyo sababu gari lilikuwa likiwinda barabara, hasa pale Lwera, ambako barabara inapita kwenye kinamasi na lami yake ina mawimbi.

"Kaka," ndugu yangu akaniambia, "kuna vipande vya chuma vinavyowekwa chini ya nguzo. Vinarudisha pembe bila kuliinua gari."

Ni kweli, vipo, na fundi hakukana. Alisema tu: "Vitatibu usukani, kijana. Kugota havitakutibu."

Nyumbani tunazungumza Kiganda, na baba alitaka kuelezwa yote. Nilihangaika na kugota. Mwishowe niliweka kitenzi kando, nikapiga ngumi yangu ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto mara tatu. Mzee akaitikia kwa kichwa, akashika kiuno. Tafsiri hiyo siwezi kuiandika, lakini ilikuwa sahihi. Kisha akamgeukia ndugu yangu na kumwambia kwamba magari yaliyoshinda Safari yalikaa juu, si chini. Ukitazama picha za miaka ile utaona ukweli wake: yamesimama juu ya magurudumu yake kama paa aliyesikia sauti, na chini ya tumbo lake mwanga unapita. Yalikimbia kwa sababu magurudumu yake yalikuwa na mahali pa kwenda.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, isipokuwa sehemu moja. Springi mpya za kimo cha awali zilipatikana, pamoja na shokapu zake. Rimu za inchi 14 zilikuwa stoo Masaka, chini ya magunia, tukazivisha matairi ya 195/70. Bushi za plastiki ziliondolewa. Kwa zile za fito zinazoshikilia makono ya mbele fundi hakutaka hata mjadala, kwani pale plastiki ngumu hukataza fito isinyumbuke, nayo ikizuiwa huchoka na kukatika. Sehemu iliyotutesa ni pini ndefu zinazopita katika makono ya nyuma. Kila pini hukaa ndani ya mrija wake kwa miongo, maji yakaingia, kutu ikaungana nayo. Ya kushoto ilitoka kwa siku moja. Ya kulia ilikataa Jumamosi mbili: ikalowekwa mafuta, ikapashwa moto, ikapigwa, ikapumzishwa. Fundi hakuitukana hata mara moja. Siku ya tatu aliikata kwa subira, kipande kwa kipande, huku vijana wa gereji wakisimama kutazama kama watu walio msibani. Pini mpya ilipoingia alipaka grisi nyingi, akasema anamwekea akiba fundi wa miaka thelathini ijayo.

Ndugu yangu alikuja siku ya kulijaribu. Alikuwa ametumia akiba yake kwa zile rimu, na hakuna aliyemshukuru. Nilielewa ukimya wake. Akaliendesha yeye, nami nikakaa kando. Tulipanda matuta ya karibu na gereji kwa mwendo ambao wiki sita zilizopita ungetutoa machozi. Gari liliinama kwenye kona zaidi kuliko awali, jambo ambalo alilitaja mara mbili. Mara ya tatu aliingia kona ileile kwa kasi zaidi, gurudumu la nyuma likapita juu ya shimo, likashuka, likapanda, na gari likaendelea kushika njia yake. Hakusema lolote. Akarudia kona hiyo mara nne, nami sikumwuliza kwa nini.

Mwezi uliofuata baba alipanda. Tuliweka upepo wa paundi 28 kila tairi, tukaondoka Masaka asubuhi, tukaingia Lwera kabla ya kuufikia mstari wa ikweta pale Kayabwe. Alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono wa kushoto. Katikati ya kinamasi aliuachia ili amenye ndizi, akala, akaanza kunisimulia habari za mpaka wa shamba aliowahi kuupima maeneo hayo.

Lililobaki ni kwamba gari linavuta kushoto, kidogo sana, hasa breki zikishikwa taratibu. Mimi nasema ni mteremko wa barabara. Ndugu yangu anasema ni tairodi. Fundi ameuliza kama linavuta wakati wote au wakati wa breki tu, na anataka kila mmoja wetu ajibu peke yake, mwenzake asipokuwepo. Tunalipeleka Jumamosi.