Mashine ya Kusaga

Umeniuliza, mjukuu wangu, fedha za wafadhili huenda kwa nani na kwa nini. Keti hapo nikupe habari za mashine moja ya kusaga muhogo. Mwaka 1992 nilikuwa na kibaraza changu pale Nyawera, Bukavu, meza ya miguu mitatu na jiwe, na mashine ya kuandikia ambayo herufi «r» ilikuwa butu, ikiacha alama kama ya ukucha. Nilikuwa nikiwaandikia watu barua za kortini na za uchumba. Lakini tangu Wabelgiji walipokatisha ushirikiano wao na serikali ya Mobutu mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa Lubumbashi, kazi kubwa ikawa maombi ya miradi. Msaada uliokuwa ukipitia Kinshasa sasa ulipita kwa makanisa na vyama vya wananchi, na Bukavu vikaota vyama kama uyoga. Malipo kwa zaire sikuyataka. Ilipotoka noti ya milioni tano, hata muuza sambaza wa Kadutu aliitazama kwa jicho la pembeni. Ukurasa mmoja ulikuwa gigozi moja ya maharage, lile kopo la maziwa ya unga, lijae mpaka yamwagike, na karatasi ya kaboni mteja ajiletee.

Ndipo wakaja akina mama kumi na mmoja kutoka vilima vya Walungu, wameteremka na makaa mgongoni, wananuka moshi na jasho na udongo uliolowa. Kiongozi wao alikuwa na mfuo katikati ya paji la uso, pale kamba ya mzigo ilipokaa miaka yote. Walitaka mashine ya kusaga, basi. Kwao muhogo ulisagwa mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Nilijifanya mjuzi, nikaandika kwamba mashine itapambana na bwaki, kwa kuwa maradhi hayo ya watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele yalikuwa yanajulikana hata Ulaya, na hapa mjini Comité Anti-Bwaki walikuwa wakihangaika nayo tangu zamani. Haukuwa uongo. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, kutoka wakfu mmoja wa huko Ulaya: wanashukuru, ila halmashauri yao imechagua suala la miti na mmomonyoko kwa miaka mitatu. Hapo nikafahamu kwamba suala huchaguliwa kwanza, mwombaji hutafutwa baadaye. Sikuwalaumu sana. Fedha zile nazo zina wenyewe. Misereor ya Ujerumani, kwa mfano, tangu 1959 inakusanya sadaka ya Kwaresima, na bibi aliyejinyima kule kanisani kwake lazima aambiwe amejinyima kwa ajili ya nini, tena kwa neno moja, linaloenea kwenye bahasha.

Julai 1994 watu wakavuka Ruzizi kutoka Rwanda, siku baada ya siku, na magodoro na mbuzi na sufuria. Kambi zikajaa, Kashusha, Inera, na hata ndani ya mji. Nyumba za Nguba zikaanza kupangishwa kwa dola, na harufu ya klorini ikawa harufu ya mji. Tukaandika tena: mashine ileile, safari hii kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Alikuja kijana mmoja wa shirika la misaada, pua imebambuka kwa jua, mtu mwema kabisa, akala bugali na sombe pamoja nasi kwa mkono. Alipomaliza akaeleza kwamba kisanduku chake ni cha dharura, na mashine ni maendeleo, na fedha za kisanduku hiki haziruhusiwi kuhamia kile. Kiongozi wa akina mama akaniuliza kisanduku chenyewe kikubwa kiasi gani.

Miaka miwili baadaye vita vikafika. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa pale pale Nyawera. Mashine yangu ya kuandikia ikaenda na walioichukua.

Vita vya 1998 unavijua kwa kusimuliwa. Daktari Mukwege alitaka kujenga mahali pa kuzalishia akina mama, ndivyo hospitali ya Panzi ilivyoanza mwaka 1999, lakini mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Dunia ilichelewa kusikia, kisha ikasikia kwa mara moja. Na haki yake isikie. Hakuna mtu wa Bukavu atakayesema kidonda kile kilikuwa kidogo. Ila mlango wa fedha ukawa huo mmoja. Mwaka 2006 yule mama kiongozi akarudi, nywele nyeupe, wenzake wamebaki saba. Sasa nilikuwa na kompyuta ya kukodi. Fomu iliuliza: wahanga ni wangapi katika chama? Niliuliza nikitazama vidole vyangu. Alinyamaza muda mrefu, akikunja na kukunjua pembe ya kikwembe chake.

«Andika mashine ya kusaga, mwanangu. Waliopatwa na hayo nao wanakula bugali.»

Nikajaza nafasi ile kwa namba. Namba yenyewe nitakufa nayo.

Safari hii walikubaliwa ndani ya miezi minne. Zikaja cherehani sita. Mwaka uliofuata nilisikia kwamba Eve Ensler, yule Mmarekani mwandishi wa tamthilia, alikuja Panzi akawauliza wanawake wenyewe wanataka nini, wakasema wanataka mahali pao pa kukaa na kujifunza; Februari 2011 Cité de la Joie ikafunguliwa. Niliposikia hivyo nilikumbuka fomu zangu zote, kurasa na kurasa, na sikukumbuka hata moja iliyokuwa na swali hilo.

Cherehani nne ziliuzwa kwa fundi mmoja wa Kadutu, wakaongeza akiba ya likelemba, upatu wao, wakanunua mashine kuukuu inayotumia mazuti. Wageni walipokuja kukagua, tuliziazima zile nne kwa siku moja, zikapangwa kivulini, akina mama saba wakakaa nyuma yake na vitambaa. Bibi mmoja mwenye daftari akageuza sikio kuelekea nyuma ya nyumba, akaniuliza ile kelele ni ya nini. Nikamgeukia kiongozi wao. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

«Mwambie ni jirani anasaga,» akasema.

Nikatafsiri hivyo hivyo.