Ua na Jina Lake: Matembezi ya Nairobi kwa Mabinti Wachoraji

Likizo ikikaribia, jamaa wengi wa Pwani husafiri kwenda Nairobi kuwazuru ndugu. Tungependa kuwausia kina mama wenye mabinti wanaochora, iwe kwa hina, kwa darizi au kwa rangi, wawatengee siku moja ya kutazama mimea.

Ibn Abbas, Allah amridhie, alipojiwa na mtu aliyeishi kwa uchoraji, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Mlango huo uko wazi, lakini wengi wetu twauingia tumefumba macho. Binti hunakili ua la simuni, nalo lilinakiliwa kwingine. Mwishowe mkononi mwa bibi harusi huchorwa ua lisiloota popote duniani.

Siku ianzie katikati ya mji, kwa sala katika Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933. Kisha muelekee Makumbusho ya Taifa, njia ya Westlands. Joy Adamson, aliyesifika kwa picha zake za maua ya Kenya, aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho hayo, wakati huo yakiitwa Coryndon. Mkono wake uliongozwa na elimu ya mjuzi. Hapo pia ipo hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Mmea hubandikwa karatasini pamoja na jina lake, mahali ulipochumwa na tarehe.

Kutoka hapo nendeni Arboretum, magharibi ya mji, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Mkifika kati ya Septemba na Novemba, mtaikuta mijakaranda, asili yake Amerika ya Kusini, imevaa zambarau. Binti aokote ua lililoanguka. Ahesabu ncha zake tano, aone kuwa umbo lake ni la tarumbeta, si la sahani, na kwamba mti huchanua ukiwa umepukutisha majani mengi. Ndipo ashike kalamu.

Na akirejea nyumbani, asidhani wajuzi wako Nairobi pekee. Bibi aliyezoea kutunga vikuba anajua saa ya kuchuma yasmini, kabla haijafunguka jioni. Huyo naye ni mwalimu. Aulizwe angali hai.

Wabillahi tawfiq.