Debe la Hawe wa Ganze



Mwezi wa Agosti, mahindi ya masika yalipokwisha kukauka mashambani, nilialikwa Ganze kwenye sherehe ya mavuno. Mwenye kunialika ni baba wa kijana mmoja anayesoma chuoni kwetu. Nami, kwa kuwa sheikh haendi mahali bure, niliandaa darsa juu ya zaka ya mazao, nikatia na magunia manne matupu garini. Mke wangu aliyaona, akaniuliza, “Sheikh, umealikwa au umetumwa?” Nikajifanya sikusikia.

Kutoka Kilifi tuliipa bahari mgongo, tukashika njia ya bara. Minazi ikaanza kuadimika, upepo ukawa mkavu, na vumbi jekundu likaingia garini bila kubisha hodi. Kanzu yangu, iliyotoka Malindi ikiwa nyeupe, ilifika Ganze ikiwa na rangi ya chungu kipya.

Tulipofika tulikuta uwanja umejaa jamaa na majirani, Waislamu na wasio Waislamu, wakipura mahindi. Yalitiwa ndani ya magunia, kisha yakapigwa kwa fimbo mpaka punje ziachane na magunzi. Nikapewa fimbo kwa heshima. Pigo la kwanza likakosa gunia. La pili likalipata, lakini kofia yangu ikaruka ikaangukia kwenye rundo la magunzi, na kabla sijainama, mbuzi alikuwa ameshaitia mdomoni. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kofia ilirudi, ila sasa ina ukingo wa meno.

Nilipokuwa nikipumzika chini ya mwarubaini, mzee mmoja jirani alinikaribisha kwa ukarimu: “Sheikh, karibu uchi.” Nikajitazama kifuani mpaka miguuni, nikamjibu, “Mzee wangu, alhamdulillahi, mimi nimevaa.” Kicheko kilichozuka hapo nadhani kilisikika mpaka Bamba. Kumbe kwa Kigiriama uchi ni tembo la mnazi, na mzee alikuwa na kibuyu chake alicholetewa kutoka Kaloleni, kwenye minazi mingi. Alipokumbuka mimi ni nani, alikificha kibuyu nyuma ya mgongo, akaniagizia maji. Kayamba zilipoanza kulia, miguu yangu niliidhibiti, lakini kichwa kiliniasi, kikawa kinaitikia chenyewe.

Tukala wari, ndio ugali wao, kwa kuku na mboga ya mchunga. Kisha nikaonyeshwa jikoni, ambako juu ya mafiga pamejengwa uchaga, nao wauita lutsaga. Mahindi ya mbegu huwekwa humo yakiwa hayajapukuchuliwa, na moshi wa kila siku huyalinda na dumuzi. Nikaona kwamba jiko lile hupika chakula cha leo na kulinda cha mwakani kwa moto mmoja.

Baada ya swala ya adhuhuri nikasimama kutoa darsa. Nikaeleza kwamba Mwenyezi Mungu, katika Surat Al-An'aam, ameamuru haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa kwake. Shamba linaloota kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na linalomwagiliwa kwa gharama na taabu hutolewa nusu ya hiyo. Nisabu yake ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu huzikadiria kuwa kama kilo 653. Hapo nikanyamaza kidogo, nikaitazama gari yangu.

Yule kijana wangu akanyosha mkono. “Maalim, sisi tumepata magunia sita. Gunia ni kilo 90. Sita mara tisini ni 540. Tumepungukiwa na kilo 113.”

Hesabu ile nilimfundisha mimi mwenyewe. Nikasema, “Umesibu, mwanangu,” na magunia yangu manne yakabaki matupu kisharia.

Ndipo akainuka nyanya yake, ambaye wote humwita Hawe. Yeye si Muislamu. Aliyesilimu ni mwanawe. Akasema, “Mwanangu Sheikh, sisi hapa hatungoji gunia la nane. Aliyekosa hupewa siku hii hii.” Akaanza kupima kwa debe: hili la mjane wa bondeni, hili la mzee asiyeona, hili la nyumba iliyopanda na isivune. La mwisho akaliweka mbele yangu: “Hili la watoto wa chuoni.”

Nilitaka kukataa. Ukame ulioanza mwaka 2020, mvua zilipokosa msimu baada ya msimu, ulituleta papa hapa kugawa unga. Hawe alikuwa mmoja wa waliopokea. Nakumbuka tulimsimamisha juani, tukamwambia aushike mfuko vizuri na aitazame simu, ili picha itoke.

Hawe naye alikumbuka. Akamwita mjukuu wake. “Lete simu. Maalim, shika debe hivi. Sogea juani kidogo. Tazama huku.” Watu wakacheka, naye akacheka zaidi yao, bila kinyongo chochote. Nikapigwa picha: sheikh mwenye kanzu nyekundu kwa vumbi na kofia iliyotafunwa, amebeba debe alilopewa.

Ndugu zangu, njiani kurudi sikuzungumza sana. Sisi wa mjini tumezoea kulitaja jina la Ganze penye habari za njaa tu, na mkono wetu tumeuzoea kuwa juu. Nisabu ni mpaka wa faradhi, wala haikuwekwa iwe mlango wa kuifungia sadaka. Tena sadaka humpa mtu chakula, na picha zetu humvua sitara. Kabla ya Ramadhani ijayo nitaiomba kamati yetu tupeleke chakula, tuache simu nyumbani.

Debe lilifika salama, na watoto wa chuoni wamekula uji wake. Picha yangu iko Ganze, na nimeambiwa kila mgeni huonyeshwa.

Mwenyezi Mungu awape mvua za vuli zenye kheri, na atukubalie sote. Amin.