Kuhamia Brazil: Nyumbani Mtu Hudhaminiwa na Mtu, Kule na Karatasi

Brazil ndiyo nchi kubwa kuliko zote Amerika Kusini, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu milioni 203. Kwa mkazi wa Afrika Mashariki anayewaza kuhamia bara hilo, kufika si kazi. Brazil ina balozi Dar es Salaam na Nairobi, na Ethiopian Airlines huruka kutoka Addis Ababa hadi São Paulo. Saa za São Paulo ziko nyuma kwa saa sita: ikiwa kule ni saa sita mchana, Dar es Salaam ni saa kumi na mbili jioni. Ugumu huanza baada ya kutua. Mengi ambayo nyumbani humalizwa kwa kufahamiana, Brazil humalizwa kwa namba na nyaraka, na anayezipanga kabla ya safari ndiye anayetulia mapema.

Kibali na nyaraka

Ukaazi wa wageni huongozwa na Sheria ya Uhamiaji namba 13.445 ya 2017. Mtu anaweza kuingia kwa mkataba wa kazi, kwa masomo, kwa kuungana na familia au kwa kuomba hifadhi. Tangu 2022 ipo pia njia ya mtu anayefanya kazi mtandaoni kwa mwajiri aliye nje ya Brazil. Huyo huonyesha kipato kisichopungua dola 1,500 za Marekani kwa mwezi, au akiba ya dola 18,000 benki, pamoja na bima ya afya, na hupewa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa.

Anayeingia kwa viza ya muda anayekusudia kukaa ana siku 90 za kujiandikisha Polisi ya Shirikisho, wanaochukua alama za vidole na kutoa kadi ya mgeni iitwayo CRNM. Mwombaji wa hifadhi hupewa karatasi ya maombi inayomruhusu kufanya kazi wakati akisubiri uamuzi. Njia hiyo wameipita Wakongo wengi.

Vyeti ndivyo vinavyochelewesha watu. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha polisi kinachoonyesha kwamba mtu hana rekodi ya makosa huhitaji kutambuliwa kimataifa, kisha kutafsiriwa kwa Kireno na mtafsiri aliyeapishwa nchini Brazil. Brazil iliingia katika mkataba wa Apostille mwaka 2016. Burundi na Rwanda nazo zimo, kwa hiyo vyeti vyao huhitaji muhuri mmoja tu. Cheti cha nchi isiyomo hupita kwanza wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Brazil. Nyumbani nakala hupelekwa kwa wakili, anagonga muhuri, kazi imekwisha. Brazil kazi hiyo ni ya *cartório*, ofisi inayohifadhi mfano wa sahihi ya mtu na kuthibitisha, kwa malipo, kwamba sahihi iliyo kwenye mkataba ni yake kweli.

Namba inayofungua kila kitu

Nyaraka zote hizo hazifikii umuhimu wa CPF, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11 inayotolewa na mamlaka ya mapato ya shirikisho. Sheria ya 2023 iliifanya kuwa namba kuu ya kumtambua raia katika huduma za umma. Bila hiyo hakuna laini ya simu ya mkataba, akaunti ya benki, mkataba wa nyumba wala intaneti ya nyumbani. Hata kwenye duka la dawa, muuzaji hutaka CPF kabla ya kutaja bei, kwa kuwa punguzo limefungwa kwenye namba hiyo. Kwenye supamaketi mwenye kaunta huuliza kama mteja anataka CPF iandikwe kwenye risiti; jimbo la São Paulo humrudishia mnunuzi sehemu ya kodi kwa risiti za namna hiyo.

Mtanzania aliyezoea namba ya NIDA, au Mkenya mwenye PIN ya KRA, hatashangazwa na namba yenyewe. Kitakachomshangaza ni jinsi ilivyoenea, na kwamba mgeni anaweza kuipata akiwa bado kwao, kupitia ubalozi.

Uthibitisho wa anwani nao una taratibu zake. Tanzania mtu huenda ofisi ya serikali ya mtaa akapewa barua ya utambulisho. Kenya huenda kwa chifu. Kiongozi anathibitisha kwamba anamjua mtu huyu na anajua anapoishi. Brazil uthibitisho ni bili ya umeme, maji au intaneti yenye jina la mhusika. Umeme hulipwa baada ya kutumika, hakuna LUKU, kwa hiyo bili huja kila mwezi, nayo ndiyo barua ya utambulisho. Mgeni anayelala kwa rafiki hana bili, na asiye na bili hukwama kwenye dirisha la kwanza. Dawa yake ni kumwomba mwenyeji aandike tamko la makazi na kulithibitisha *cartório*.

Kupanga nyumba

Dar es Salaam mpangaji hutafuta dalali. Akipata nyumba humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Nairobi kodi hulipwa kila mwezi, pamoja na amana mwanzoni. Uaminifu hupimwa kwa fedha taslimu na kwa sura ya mtu.

Brazil inafuata Sheria ya Upangaji namba 8.245 ya 1991. Sheria hiyo inakataza kutoza kodi ya mbele pale mkataba unapokuwa na dhamana, na inakataza kudai dhamana zaidi ya moja. Gharama za wakala wa nyumba ni za mwenye nyumba. Hayo ni afueni kwa mpangaji, lakini dhamana yenyewe ndiyo mlima. Iliyozoeleka ni mdhamini, na mara nyingi wakala hutaka mdhamini huyo awe na nyumba yake katika mji huohuo. Mgeni atampata wapi? Humbakia njia mbili: amana isiyozidi kodi ya miezi mitatu, au bima ya kodi inayolipwa kwa kampuni, ambayo hairudi.

Mikataba mingi ya makazi ni ya miezi 30. Kodi hupandishwa mara moja kwa mwaka, kwa kufuata kipimo cha mfumuko wa bei kilichoandikwa kwenye mkataba. Juu yake mpangaji wa fleti hulipa ada ya jengo na, kwa kawaida, kodi ya jengo ya manispaa. Siku ya kukabidhiwa funguo huandikwa ripoti ya ukaguzi yenye picha: kila tundu la msumari, kila kigae kilichopasuka, kila bomba linalovuja. Anayetia sahihi bila kukagua atalipia siku ya kutoka makosa ya aliyemtangulia, na aghalabu atatakiwa kupaka rangi upya.

Fleti nyingi hupangishwa zikiwa tupu, bila jiko wala friji. Maji ya moto hutoka kwenye kichwa cha bafu kinachochemsha kwa umeme. Mkazi wa Nairobi anakifahamu, maana vichwa vya Lorenzetti vilivyojaa mabafu ya Kenya ni mali ya Brazil. Umeme haulingani nchi nzima: São Paulo na Rio de Janeiro hutumia volti 127, Brasília na miji mingi ya kaskazini mashariki volti 220. Pasi iliyotoka Kariakoo itapata joto la kusuasua São Paulo.

Fedha mkononi

Hapa Afrika Mashariki ilitangulia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Pix ya Brazil ilianza Novemba 2020. Ila misingi yake ni tofauti. M-Pesa ni ya kampuni za simu, ina mawakala mitaani, na kutuma kuna makato. Pix iliundwa na inaendeshwa na Benki Kuu, huunganisha akaunti za benki zote, na mtu binafsi hutuma bila makato, usiku na mchana. Anwani ya kupokelea ni CPF, simu au barua pepe. Muuza nazi ufukweni ameibandika kwenye toroli lake kama mama ntilie wa Dar anavyobandika namba ya Lipa.

Asiye na akaunti ya benki huachwa nje ya Pix, na hakuna wakala wa kumwekea fedha kibandani. Kwa sababu ya wahalifu waliowateka watu na kuwalazimisha kutuma fedha, Benki Kuu iliweka kikomo cha kawaida cha reali 1,000 kwa usiku. Tena Pix haifiki nyumbani: kutuma kwa wazazi kunahitaji kampuni ya uhamishaji wa kimataifa, na ubadilishaji wa fedha hutozwa kodi iitwayo IOF.

Afya

Katiba ya 1988 ilitamka afya kuwa haki ya wote, na sheria ya 1990 ikaunda mfumo wa umma uitwao SUS. Mgeni hutibiwa bila malipo kama raia. Mitaa mingi ina zahanati yake, na wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Dharura hupigiwa 192. Kasoro ni foleni: kumwona daktari bingwa au kupata upasuaji usio wa haraka huweza kuchukua miezi, na ndiyo maana wenye uwezo hununua bima binafsi. Kenya na Tanzania zimechagua njia ya michango: Kenya kupitia SHA iliyoanza Oktoba 2024, Tanzania kupitia sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023. Anayerudi kusalimia asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Brazil imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo.

Kazi, kodi na shule

Mwajiriwa rasmi hufanya kazi saa 44 kwa wiki, hupata likizo ya siku 30 pamoja na nyongeza ya theluthi ya mshahara, na mwisho wa mwaka hulipwa mshahara wa 13. Tanzania sheria inatoa saa 45 na likizo ya siku 28, bila mshahara wa 13. Kima cha chini cha Brazil kwa 2025 kilikuwa reali 1,518 kwa mwezi, kwa hiyo kazi ya mkono peke yake hailipi kodi ya fleti ya katikati ya São Paulo. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na chuo kikuu cha umma cha Brazil, na daktari hufanya mtihani wa Revalida. Aliyekuja kwa mkataba wa ajira ni mlipakodi tangu siku ya kuingia. Wengine huwa walipakodi baada ya siku 183 ndani ya miezi 12. Kodi huhesabiwa kwa mapato ya dunia nzima, na kiwango cha juu ni asilimia 27.5.

Shule ya umma ni bure, na ni lazima kwa mtoto wa miaka 4 hadi 17. Vyuo vikuu vya umma havitozi ada. Mpango wa PEC-G, ulioanza 1965, huwapa nafasi wanafunzi wa nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika, lakini mwanafunzi hujigharimia maisha na hupimwa Kireno kwa mtihani wa Celpe-Bras. Kiingereza hakimfikishi mtu mbali nje ya ofisi za kampuni kubwa.

Rangi na uraia

Katika sensa ya 2022, asilimia 55.5 ya wakazi walijitaja kuwa Weusi au machotara. Brazil ilikomesha utumwa tarehe 13 Mei 1888, ya mwisho katika mabara yote mawili ya Amerika. Mwafrika haonekani mgeni mpaka afungue kinywa. Hupokewa kama Mbrazil Mweusi, kwa heri na kwa shari. Ubaguzi wa rangi ni jinai tangu sheria ya 1989, lakini Januari 2022 kijana Mkongo aliyekimbia vita, Moïse Kabagambe, alipigwa hadi kufa kwenye kibanda cha ufukweni Rio de Janeiro. Familia yake ilisema alikwenda kudai ujira wake.

Mgeni huweza kuomba uraia baada ya miaka minne ya ukaazi, akijua Kireno. Raia wa nchi zinazotumia Kireno, kama Msumbiji, baada ya mwaka mmoja. Mtoto aliyezaliwa huko ni raia papo hapo. Brazil inaruhusu uraia pacha, na Kenya pia tangu Katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine hupoteza wa kwao.

Kwa ujumla, Brazil inamfaa mwenye kipato cha nje, mwanafunzi aliyejifunza Kireno, au mwenye mkataba wa kazi mkononi. Anayetegemea kufika kwanza na kutafuta baadaye ataona ugumu, kwa sababu kule ndugu hawezi kumfungulia mlango unaofunguliwa na namba. Apate CPF ubalozini, akamilishe vyeti, aweke pembeni amana ya miezi mitatu, aanze Kireno leo. Tiketi ya ndege ikatwe mwisho.