Ukuta Unaokimbia Ndani ya Waya

Mimi huandika programu, na data za wateja wangu hukaa kwenye diski ngumu, yaani kwenye sumaku. Kuandika 0 au 1 huko ni kugeuza sumaku. Basi nimetaka kujua: sumaku hugeuka kwa kasi gani?

Chukua waya wa aloi ya chuma, silikoni na boroni, mwembamba kuliko unywele, uliovikwa kioo. Ukiugeuza usumaku wake, haugeuki wote mara moja. Mageuzi huanzia ncha moja, na mpaka wake, uitwao ukuta, hukimbia hadi ncha ya pili.

Sixtus na Tonks walipima mbio hizo katika waya mwaka 1931: weka koili mbili, gawanya umbali kwa muda. Katika nyaya hizi za kioo, ukuta huweza kupita mita 1,000 kwa sekunde!

Siri ni nini? Aloi hupozwa ghafla, atomi zikakosa muda wa kujipanga kuwa fuwele. Hakuna mipaka ya fuwele ya kuukwamisha ukuta. Sisi hulipwa kwa kupanga vitu. Hapa kutopangika ndiko kunakofungua njia. Nimelipenda somo hili.