Mathe na Ile Karatasi ya Zamu

Wasee, leo sina vichekesho. Nataka niwapigie stori ya karatasi moja tu.

Mathe ni nesi. Mwaka wa 2020 alikuwa msimamizi wa wodi, wale huitwa inchaji. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye Rais akatangaza shule zifungwe. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilifurahi, manze. Likizo ya bure!

Usiku huo Mathe alikaa mezani na rula, kalamu na karatasi ya zamu. Ni yeye alifaa kuamua nani ataingia kwa wagonjwa wa korona. Na kila jina alilijua. Huyu ananyonyesha. Huyu ana pumu. Huyu analea wazazi wazee. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe jina la kwanza likawa lake.

Nilikasirika. "Mathe, si wewe ndio bosi? Si ujitoe!"

Akaniambia, "Nikijitoa, nitamwambia nani aingie?"

Miezi ikasonga. Nesi mmoja aliyempanga zamu ya usiku akaambukizwa. Alipona, lakini Mathe hakuwa analala. Barakoa zikiisha, manesi walimpigia yeye simu. Akiuliza wakubwa, anaambiwa avumilie. Akirudi kwa manesi, anaambiwa hajali. Siku moja nilisikia bomba la bafuni likimwaga maji muda mrefu sana, na ndani yake kilio. Alitoka, akapangusa uso, akauliza kama nimekula.

Desemba mwaka huo manesi waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa vifaa vya kujikinga. Mitaani watu walisema ni tamaa ya pesa. Mimi nilikuwa nimesikia lile bomba.

Maoni yangu ni haya: tuliwaita mashujaa halafu tukaenda zetu. Shujaa hakuna mtu humuuliza kama amechoka. Na msimamizi ndio kabisa, kwa sababu yeye ndiye anauliza wengine.

Juzi nilimuuliza, miaka yote hii ikiwa imepita, "Mathe, wakati wa korona ulikuwa sawa kweli?"

Alinyamaza. Kisha akasema, "Wewe ndio wa kwanza kuniuliza."

Kama kwenu kuna nesi, usingoje kama mimi. Muulize leo.